Mahakama Inapomtenga Mzazi na Mtoto Wake

Mashauri yaletwayo mbele ya mahakama ni ya namna nyingi. Wako wanaogombania mpaka wa shamba, wako wanaodaiana mahari, wako walioibiana ng'ombe. Aliyeshindwa katika shauri la namna hiyo hurudi nyumbani na huzuni yake, walakini shamba jingine laweza kulimwa, na ng'ombe mwingine aweza kupatikana. Liko shauri moja ambalo aliyeshindwa hana cha kupata badala yake. Mwisho wa shauri hilo jaji hutia sahihi hati, na tangu saa ile mama hahesabiwi tena katika sheria kuwa mama wa mtoto aliyemzaa, wala baba kuwa baba yake. Hilo ndilo tunalotaka kuwaeleza wasomaji wetu mwezi huu, nasi tutalieleza kama lifanyikavyo katika nchi ya Marekani, maana huko mashauri haya ni mengi, na sheria zake zimeandikwa wazi.

Tena tuna sababu ya karibu zaidi. Jamaa za watu wetu wengi sasa hukaa Marekani. Kati yao wako Wakongo wasemao Kiswahili, waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, au katika kambi za Uganda, Burundi na Rwanda, kisha wakapelekwa kukaa Texas, Kentucky, Arizona, Ohio na majimbo mengine. Kuhusu mambo ya kule wako wasemao kwamba serikali ya Marekani hunyang'anya wageni watoto wao; na wako wasemao kwamba hayo ni maneno ya kutishana tu. Maneno yote mawili yana sehemu iliyo kweli na sehemu isiyo kweli, na mtu akishika moja tu na kuliacha la pili aweza kupata hasara kubwa.

Kwanza yafaa kulifahamu kosa lenyewe. Wengi hudhani kwamba mtoto huondolewa nyumbani kwa kuwa amepigwa hata kuumizwa. Wako walioondolewa kwa sababu hiyo, lakini si wengi kama wale walioondolewa kwa sababu ya kutotunzwa. Katika hesabu za kila mwaka za serikali ya Marekani, yapata robo tatu ya watoto waliothibitishwa kuwa wametendewa vibaya ni watoto waliokosa kutunzwa. Maana yake ni kwamba mzazi hakutenda lililompasa: hakumpa mtoto chakula cha kutosha, au mavazi, au mahali salama pa kulala, hakumpeleka kwa daktari alipokuwa mgonjwa, hakumpeleka shule, au alimwacha pasipo mtu mzima wa kumwangalia. Ni kosa la kutotenda, na kwa hiyo ni gumu kulipima. Jeraha laonekana kwa macho. Lakini ni nani awezaye kusema kwa yakini ni saa ngapi za kumwacha mtoto peke yake ndizo zilizopita kiasi?

Neno hili ni kama juya la mvuvi, hukokota wakubwa na wadogo pamoja. Humkamata mama aliyelala amelewa siku tatu huku mtoto mchanga akikauka kwa kiu, na hapo hakuna mwenye akili atakayesema kwamba serikali imekosa kuingia. Lakini juya lile lile laweza kumkamata mama afanyaye kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama, ambaye amemwachia binti yake wa miaka minane wadogo zake wawili, kwa kuwa hana fedha za kumlipa yaya. Kwetu sisi binti yule angesifiwa. Mtoto wa kike kumbeba mdogo wake mgongoni ni jambo la kila siku huku. Tena jirani yupo, na bibi yupo, na mlango wa nyumba uko wazi. Kule mlango umefungwa, na huenda jirani hajui hata jina la mwenye nyumba. Jambo lile lile likihamishwa mahali huwa jambo jingine, nasi twaona kwamba hapo ndipo wageni wengi hujikwaa.

Majimbo mengi yameandika katika sheria zao kwamba umaskini peke yake si kosa la kutomtunza mtoto. Utah mwaka 2018 lilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria isemayo kwamba kumruhusu mtoto mwenye umri wa kutosha aende shule kwa miguu, au acheze nje peke yake, si kosa hili. Texas mwaka 2021 iliyapunguza maana ya kosa, ili mtoto asihesabiwe kuwa hatunzwi ila pale alipo katika hatari ya karibu. Twazisifu sheria hizi. Walakini majimbo ni 50, na kila moja lina sheria yake, hata lililo ruhusa upande huu laweza kuwa kosa ng'ambo ya mto.

Shauri lenyewe halianzi mahakamani. Huanza kwa simu. Mtu fulani, aghalabu mwalimu, au daktari, au polisi, hupeleka habari kwa ofisi ya ulinzi wa watoto. Waalimu kule hawana hiari katika jambo hili. Sheria za kuwalazimisha watu kutoa habari zilianza kwa madaktari katika miaka ya 1960, kisha zikawaingiza waalimu. Na mwalimu anayeshuku kwamba mtoto hatunzwi, naye akanyamaza, aweza kushtakiwa. (Na wale waalimu wetu wanaodhani kwamba jambo hili ni la Wazungu tu, wakumbuke kwamba hapa Tanzania Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa kila mwananchi wajibu wa kupeleka habari kwa serikali ya mtaa au kijiji akiona haki ya mtoto inavunjwa.) Afisa huja nyumbani, hufungua kabati la chakula, hutazama vitanda, huongea na watoto. Habari nyingi huishia hapo. Lakini akiona hatari mtoto huondolewa, na baada ya siku chache shauri hupelekwa mbele ya jaji. Jaji akikubali, mtoto huwekwa kwa jamaa zake, au kwa walezi wa muda wanaopewa posho na serikali. Wazazi nao hupewa mpango ulioandikwa: mwache pombe, mhudhurie mafunzo ya malezi, mtafute nyumba inayofaa, mje kumwona mtoto siku fulani na fulani. Tangu mwaka 1980 sheria ya nchi nzima yaamuru kwamba serikali ifanye juhudi ya kutosha ili mtoto arudi kwa wazazi wake. Na kwa kweli yapata nusu ya watoto waondokao katika mikono ya walezi hurudi kwao.

Wengine hawarudi.

Hapa yatupasa kueleza neno ambalo desturi zetu hazilifahamu vizuri. Sisi twajua sana mtoto kulelewa na mtu mwingine. Bibi huomba mjukuu wa kukaa naye, shangazi huchukua mtoto wa ndugu yake amsomeshe, na mama akifa watoto hugawanywa kwa jamaa. Lakini mtoto yule humjua mama yake ni nani. Hurudi sikukuu, hushika matanga ya baba yake, na jina lake halibadiliki. Kulelewa kwetu ni kuongeza wazazi, si kuwapunguza. Hati ya mahakama ya Marekani tunayoisema haiko hivyo. Ikiisha kutiwa sahihi, mzazi kwa kawaida hana haki ya kumwona mtoto, wala ya kumwandikia barua, wala ya kujua anakaa wapi. Hataulizwa neno juu ya shule yake, wala ugonjwa wake. Mtoto aweza kuasiliwa na watu wengine pasipo ruhusa ya mzazi wake, akapewa jina lao na cheti kipya cha kuzaliwa. Wako majaji waliosema kwamba hii ni kama hukumu ya kifo katika mashauri ya jamaa, nasi hatuoni kwamba wamezidisha.

Basi mzazi hufikaje hapo? Watu wengi hujibu, kwa ukubwa wa kosa lake. Mara nyingine ndivyo. Aliyemwua mtoto wake mwingine, au aliyemtesa mtoto, au aliyemtupa, sheria haimlazimishi afisa kufanya juhudi yo yote kwa ajili yake. Lakini wazazi walioshtakiwa kwa kutowatunza watoto, mara nyingi kinachowashinda si ukubwa wa kosa. Ni miezi.

Mwaka 1997, tarehe 19 Novemba, Rais Clinton alitia sahihi sheria iliyoweka saa mlangoni pa kila shauri la namna hii. Mtoto akiwa amekaa kwa walezi miezi 15 katika miezi 22 iliyopita, serikali ya jimbo imeamriwa kupeleka maombi mahakamani ili haki za wazazi ziondolewe. Miezi huanza kuhesabiwa tangu siku jaji alipoamua kwanza kwamba mtoto hakutunzwa, au siku ya 60 tangu alipoondolewa nyumbani, iliyotangulia kati ya hizo mbili. Na kabla ya mwezi wa 12 kwisha jaji hana budi kuketi na kuuliza mtoto huyu atakaa wapi siku zote. Ziko njia tatu za kutoka: ikiwa mtoto amewekwa kwa jamaa zake, ikiwa iko sababu kubwa iliyoandikwa ionyeshayo kwamba kumtenga hakumfai mtoto, au ikiwa serikali yenyewe haikuwapa wazazi msaada ulioahidiwa katika mpango.

Msomaji asiharakishe kuilaani sheria hii. Ilizaliwa na jambo la kusikitisha. Katika miaka ile watoto zaidi ya nusu milioni walikuwa mikononi mwa walezi wa muda, na wengi wao walihamishwa nyumba hata nyumba, leo hapa, mwakani kule, wakibeba nguo zao katika mifuko ya takataka, pasipo kujua kama watarudi kwa mama au watapata mama mwingine. Mtoto wa miaka miwili akingoja miaka mitatu, amengoja zaidi ya umri wake wote. Mtu mzima husema, "Nipe mwaka mmoja tu nitengeneze mambo yangu," naye ana haki kusema hivyo, kwa maana mwaka si mrefu kwake. Kwa mtoto mchanga mwaka ule ndio aliojifunza kutembea na kusema, na kumwita mtu mwingine mama. Waliotunga sheria waliyaona hayo, nao hawakukosa.

Lakini saa ile haiulizi mzazi anafanya nini wakati inapohesabu. Humhesabia yule aliyelala, na humhesabia vile vile yule anayengoja zamu ya kuingia hospitali ya kutibu ulevi, au anayengoja nyumba ya bei nafuu katika mji ambao orodha ya wangojao ni ya miaka. Aliyefungwa gerezani miezi 18 amekwisha kuipita miezi 15 kabla ya kutoka. Na mwenye kungoja mkalimani naye huhesabiwa. Hili ndilo kosa tunaloliona katika sheria ya 1997: ilimhurumia mtoto, na ilifanya vema, lakini iliipima huruma ile kwa kalenda.

Kwa sababu mambo haya ni mazito, Mahakama ya Juu ya Marekani imeyasikiliza mara kadhaa. Mwaka 1981 ilisikiliza shauri la mama mmoja wa North Carolina, maskini, aliyetolewa gerezani siku ile kwenda kusikiliza shauri lake. Hakuwa na wakili. Alisimama mwenyewe kumwuliza maswali afisa wa ustawi, naye hakujua namna ya kuuliza. Majaji walikuwa 9. Watano waliamua kwamba Katiba hailazimishi kila maskini apewe wakili katika mashauri haya, bali kila shauri litazamwe peke yake. Mama yule akashindwa. Hata hivyo majimbo mengi yamejitungia sheria zenyewe, nayo humpa mzazi maskini wakili bila malipo. Twasema mapema, kwa faida ya wenye jamaa kule: mtu aulize habari ya wakili siku ya kwanza, wala asingoje siku ya mwisho.

Mwaka uliofuata, 1982, lilikuja shauri la wazazi wawili wa Ulster County katika jimbo la New York. Mtoto wao wa kwanza aliondolewa mwaka 1973, wa pili mwaka 1974, na siku ile ile ya pili mama akajifungua mtoto wa tatu. Naye akachukuliwa akiwa na siku tatu tu. Mwaka 1978 serikali ikaomba haki zao ziondolewe. Katika New York wakati ule, jaji alitosheka kama ushahidi wa upande mmoja ulizidi kidogo tu ule wa upande wa pili, kama mizani ya dukani inavyoinama kwa kokwa moja. Mahakama ya Juu, kwa kura 5 juu ya 4, ilikataa. Ilisema kwamba mzazi hapotezi haki yake kwa kuwa si mzazi wa kupigiwa mfano, na kwamba serikali sharti ilete ushahidi ulio wazi na wenye kusadikisha. Tangu hapo ndio ushahidi utakiwao katika majimbo yote. Kwa watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani ushahidi ni mzito kupita huo: sheria ya mwaka 1978 yataka jambo lithibitishwe pasipo shaka, kwa shahidi mwenye ujuzi. Sheria ile ilitungwa baada ya kuonekana kwamba watoto 25 hata 35 katika kila 100 wa watu wale walikuwa wametengwa na jamaa zao, wengi kwa kuwa maafisa hawakufahamu malezi ya bibi na shangazi. Watu waliipinga, lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliithibitisha.

Liko na shauri la Mississippi la mwaka 1996, dogo kwa fedha, kubwa kwa maana. Mama mmoja aliondolewa haki zake akataka kukata rufani. Akaambiwa alipe dola 2,352 na senti 36 za kunakili maandishi ya shauri. Hakuwa nazo. Mahakama ya Juu iliamua kwamba mlango wa rufani haufungwi kwa sababu ya ufukara katika jambo la namna hii.

Sasa tuwasimulie shauri moja kwa urefu kidogo, kwa maana laonyesha jinsi miezi, lugha, umaskini na mpaka wa nchi vinavyoweza kukutana juu ya kichwa cha mtu mmoja. Halikufika Washington, liliishia katika Mahakama ya Juu ya jimbo la Nebraska.

Mama mmoja wa Guatemala alikuwa akikaa Nebraska pasipo hati za ruhusa. Lugha yake ya kuzaliwa ilikuwa Kiquiché, lugha ya wenyeji wa milima ya Guatemala; Kihispania alikijua kidogo, na Kiingereza hakukijua. Alikuwa na mtoto wa kiume, na binti mchanga aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Mwaka 2005 binti yule alipata ugonjwa wa kifua. Mama akampeleka kwa daktari, akaambiwa amrudishe atazamwe tena. Hakurudi. Daktari akatoa habari, na afisa akaja na polisi. Mama aliogopa. Alipoulizwa akasema yeye ni yaya tu wa watoto wale. Uongo ule ulimponza: akakamatwa, watoto wakachukuliwa, na yeye akarudishwa Guatemala pasipo wao.

Hebu tufikiri hali yake. Watoto wako Nebraska, yeye yuko kijijini kwake, mpaka ni mgumu na nauli hana. Mpango wa kutimiza aliwekewa kama wengine, lakini mambo yaliyomo yalifaa mtu akaaye mjini Nebraska, si mtu aliyefukuzwa nchi. Miezi ikahesabiwa. Miezi 15 ikapita. Watoto wakawazoea walezi wao, waliokuwa watu wema, wenye nyumba nzuri, na shule karibu. Mwaka 2008 jaji wa mahakama ya watoto akaondoa haki za mama.

Mama akakata rufani, na mwezi wa Juni mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Nebraska ikaitengua hukumu. Majaji walisema kwamba watoto kukaa kwa walezi miezi 15 au zaidi hakuthibitishi kwamba mama yao hafai. Walisema kwamba serikali haikumsaidia ipasavyo, na kwamba kosa la kutomrudisha mtoto kwa daktari, na hofu ile mbele ya polisi, havikutosha. Na walisema neno jingine ambalo twapenda wasomaji wetu walikumbuke: haiwi kazi ya mahakama kupima kama maisha ya Marekani ni ya raha kuliko maisha ya Guatemala. Swali ni kama mama huyu anafaa kuwalea watoto wake, si kama watoto wangekula vizuri zaidi mahali pengine. Watoto wakarudi kwake baada ya miaka minne.

Twafurahi kwa hukumu ile. Lakini binti aliyechukuliwa akiwa mchanga alirudishwa akiwa na umri wa kukimbia na kusema, kwa mama asiyemkumbuka, na huko nyuma wakabaki walezi waliomlea kwa miaka ile yote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hapo hatujui tuwahesabu wazazi wangapi.

Kwa hiyo wenye ndugu katika nchi ile wafanye nini? Hatuwezi kuwa mawakili wa mtu, ila yako mambo tunayoweza kuyasema pasipo hofu. La kwanza ni kutotoroka na kutosema uongo mbele ya afisa, hata kama moyo unadunda. La pili ni lugha. Asiyefahamu Kiingereza aseme hivyo tangu siku ya kwanza, aombe mkalimani wa lugha yake hasa, wala asitie sahihi karatasi asiyoifahamu. Na mtoto wake mwenyewe asitumiwe kuwa mkalimani wa shauri lake.

La tatu twalishikilia sana, nalo ni jamaa. Sheria ya mwaka 2008 yaamuru kwamba ndani ya siku 30 tangu mtoto alipoondolewa, ofisi iwatafute watu wazima wa ukoo wake na kuwapa habari. Na tulikwisha kusema kwamba mtoto akiwekwa kwa jamaa, serikali hailazimiki kupeleka maombi ya kumtenga hata kama miezi 15 imetimia. Basi majina yale yatolewe upesi: ndugu, mjomba, shangazi, binamu, hata akiwa jimbo la mbali. Watu wetu wengi huficha aibu yao, hawataki shangazi ajue kwamba serikali imeingia nyumbani, hata aibu ikawagharimu mtoto. Kuficha kule twakufahamu, maana hata huku tungefanya hivyo. Lakini afisa wa kigeni hawezi kujua kwamba kuna shangazi Kentucky aliyewahi kumlea mtoto yule katika kambi, asipoambiwa. Katika desturi zetu zote, hii ndiyo moja ambayo sheria ya Marekani imeiwekea mlango. Ni hasara kuupita pasipo kugonga.

Na mpango uliotolewa na mahakama ufuatwe, hata ukionekana ni wa kipuuzi. Mzazi ahudhurie kila siku ya kumwona mtoto, aandike tarehe, atunze stakabadhi. Akizuiwa na ofisi yenyewe, au akinyimwa msaada ulioandikwa, amwambie wakili wake papo hapo, maana hiyo nayo ni moja ya zile njia tatu.

Wataalamu waliochunguza hesabu za mwaka 2000 hata 2016 walikadiria kwamba kama mtoto mmoja katika kila 100 wa Marekani hutengwa na mzazi kwa hukumu ya namna hii kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa watoto weusi na wa wenyeji wa asili hatari ni kubwa zaidi. Hesabu ya walio mikononi mwa walezi imepungua, maana mwaka 1999 walikuwa zaidi ya 560,000, na mwisho wa Septemba 2023 walikuwa yapata 343,000. Sheria ya mwaka 2018 imeruhusu fedha za serikali kuu zitumike kutibu ulevi na kufundisha malezi kabla mtoto hajaondolewa, ambapo zamani nyingi zilitoka baada ya kuondolewa.

Wako na wale ambao hukumu iliwatenga na wazazi, na mzazi mwingine hakupatikana. Walipokuwa wadogo watu walisema wataasiliwa upesi. Hawakuasiliwa, wakakua hivyo, hawana mama wa zamani wala mama mpya. Wengine, wakiisha kutimiza miaka 18 na kuachiliwa, huenda moja kwa moja kumtafuta yule waliyetengwa naye. Kwa ajili ya hao California ilitunga sheria mwaka 2005, na majimbo mengine yakafuata. Mtoto ambaye miaka mitatu imepita tangu haki za wazazi wake kuondolewa, naye hajaasiliwa, aweza kwenda mwenyewe mbele ya mahakama na kuomba kwamba mama yake arudishwe kuwa mama yake.